Kutu ya Kahawa: Kipimajoto Huona Kabla ya Jicho

Wasee, kuna stori ya kahawa tunayopenda kurudia. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana Ceylon, siku hizi Sri Lanka, ikamaliza mashamba, na wakulima wakahamia chai. Ni kweli. Lakini tukiishia hapo, mkulima anabaki mtu wa kungoja msiba tu. Mimi naona kuna stori nyingine tunafaa kuijua: ya watu waliokataa kungoja.

Mwaka 1880 Waingereza walimtuma Harry Marshall Ward Ceylon. Akaonyesha venye kutu inafanya kazi. Ni kuvu, na spora zake, yaani zile mbegu zake, zinabebwa na upepo. Zikitua kwenye jani lenye maji zinaota na kuingia ndani. Dawa ya kukinga ikifika baada ya hapo, imechelewa.

Sasa shida iko hapa: ukiona ule unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, kuvu imeshaishi humo wiki kadhaa. Utajuaje mapema?

Hapo ndipo Kenya inaingia. R. W. Rayner, aliyeitafiti kutu hapa kwetu, alichapisha kazi yake mwaka 1961. Hesabu yake inataka vitu viwili: joto la juu la mchana na la chini la usiku. Kutoka hapo unakadiria ni siku ngapi kuvu itachukua kutoa spora mpya. Joto likiipendeza, kama wiki 4. Baridi ikikaza, muda unazidi. Kipimajoto na kalamu, basi.

Na haya si mambo ya kale. Kutu ilipolipuka Amerika ya Kati mwaka 2012, watafiti walitaja usiku wenye joto kuliko kawaida kati ya sababu. Walitaja pia bei mbovu: mkulima asiyelipwa vizuri hanunui dawa wala mbolea.

Kwetu tuna Ruiru 11 na Batian, zinazostahimili kutu. Lakini SL28, ile inayosifiwa kwa ladha dunia nzima, kutu inaimaliza.

Kwa hivyo usiku ukizidi kupata joto milimani, kalenda ya kupiga dawa ya babu haitoshi tena. Hesabu tunayo tangu 1961, na simu ziko mfukoni. Onyo lifike shambani kabla ya ule unga, na mkulima awe na pesa ya kulifanyia kazi.