Mwindaji, Jangili na Leseni

Somo letu la leo ni la historia. Tutatazama jinsi kazi moja, yaani kuwinda, ilivyopata kuwa kosa la jinai kwa mtu mmoja, na mchezo wa halali kwa mwingine. Twende bonde la Kilombero, upande wa Ifakara.

Zamani Wandamba, wenyeji wa bonde hilo, waliwinda viboko na tembo. Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake, dawa zake na miiko yake.

Mwaka 1896 Gavana wa Wadachi, Hermann von Wissmann, alitoa amri: mtu asiwinde wanyama wakubwa bila leseni. Sababu yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa bunduki na biashara ya pembe zilikuwa zimepunguza tembo. Lakini leseni ilitaka fedha. Tajiri wa Ulaya aliyewinda kwa kujifurahisha aliweza kulipa. Mwanakijiji aliyetafuta kitoweo hakuweza. Basi wa kwanza akaitwa mwindaji, wa pili akaitwa jangili.

Mwaka 1922 Waingereza walianzisha pori la akiba la Selous, jirani na bonde hilo. Selous alikuwa nani? Alikuwa mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917.

Tulipojitawala, sheria iliendelea kubadilika. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji, ikaufungua tena mwaka 1978. Bunge lilitunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori mwaka 1974, na nyingine mpya mwaka 2009. Hata hivyo, tembo wa Selous na mapori ya jirani, waliozidi 100,000 mwaka 1976, walibaki kama 13,000 mwaka 2013. Sheshe wa Kilombero nao wamepungua sana.

Tunajifunza nini? Kwanza, mnyama akiisha, hakuna sheria itakayomrudisha. Pili, watu hawailindi kwa moyo sheria wanayoiona ni ya wengine. Tatu, kutojua sheria si udhuru. Leo mtu akikutwa na nyama ya porini bila kibali hushtakiwa, na kesi ya nyara za Serikali yaweza kuwa ya uhujumu uchumi. Kwa hiyo, likibandikwa tangazo penye ofisi ya kijiji, lisome mwenyewe, na umsomee jirani.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini amri ya mwaka 1896 ilimwumiza maskini kuliko tajiri?
2. Ninyi mngetunga sheria gani, ili wanyama wabaki na watu wapate kitoweo?