Maji Yaende Wapi?

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Je, mkondo ukizibwa? Hapo, ndugu msomaji, ndipo kisa chetu kinapoanzia, na kinaanzia mbali: katika jimbo la Florida, kusini mashariki mwa Marekani. Usifunge ukurasa kwanza. Kama wewe ni kijana unayeota kuwa mwandishi, kisa hiki kinakuhusu. Ni kisa cha watu waliotetea mito yao kwa kalamu na kwa mdomo, kizazi baada ya kizazi, wakagundua kwa taabu kwamba kulalamika ni jambo moja na kudai haki ni jambo jingine.

Florida ya kusini ina ziwa linaloitwa Okeechobee. Katika lugha ya wenyeji wa asili maana yake ni maji makubwa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,900, lakini kina chake kwa wastani hakifiki hata meta 3. Zamani, mvua zikilijaza, maji yalimwagika kwenye ukingo wa kusini, yakatambaa polepole juu ya nyika ya nyasi, Everglades, mpaka baharini. Upande wa mashariki kulikuwa na mto St. Lucie, upande wa magharibi mto Caloosahatchee. Kila mmoja ulikuwa na mlango wake baharini, pale maji baridi yanapochanganyika na maji chumvi. Mtoto wa Pwani hahitaji kuelezwa sana. Ni mahali pa mikoko, kaa, chaza na samaki wachanga wanaojificha hadi wakue. Chumvi ikipanda au ikishuka ghafla, viumbe hao huumia, na wasioweza kukimbia, kama chaza, hufa palepale.

Basi wakaja wenye fedha. Mwaka 1881 tajiri Hamilton Disston alinunua ekari milioni 4 za jimbo hilo, na mashine zake zikachimba mfereji ulioliunganisha ziwa na Caloosahatchee. Napoleon Broward, aliyeshika ugavana mwaka 1905, aliwaahidi watu kwamba nyika ile ingekaushwa iwe mashamba. Kati ya mwaka 1916 na 1924 ukachimbwa mfereji mwingine, kutoka ziwani hadi mto St. Lucie. Mito miwili ambayo haikupata kupokea maji ya ziwa kwa wingi namna ile ikageuzwa kuwa mitaro yake.

Halafu ikatokea Septemba 1928. Kimbunga kililisukuma ziwa juu ya tuta dogo la udongo, likawafunika watu usiku. Waliokufa hawakupungua 2,500. Wengi wao walikuwa vibarua weusi wa mashambani, na miongoni mwao walikuwamo watu wa visiwa vya Bahamas. Hata katika kifo walibaguliwa: majeneza machache yaliyokuwapo walipewa Wazungu, na katika mji wa West Palm Beach maiti 674 za weusi zikatupwa katika shimo moja, kaburi lililokaa miaka na miaka bila hata alama. Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi, alikiweka kimbunga hicho katika riwaya yake ya mwaka 1937. Bila kalamu kama yake, nani angewakumbuka?

Baada ya maafa yale serikali ilijenga tuta kubwa, ambalo hatimaye lililizunguka ziwa kwa kilomita 230 hivi. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Watu walikuwa wamekufa na tuta lilikuwa la lazima. Lakini njia ya kusini nayo ikazibwa. Nyuma ya tuta yakastawi mashamba, hasa ya miwa, na yakapanuka zaidi Marekani ilipoacha kununua sukari ya Kuba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa ziwa likijaa, wahandisi wa jeshi wanaolisimamia hubaki na hofu moja: tuta lisipasuke. Kwa hiyo hufungua malango ya mashariki na magharibi. Mabilioni ya lita za maji baridi huporomoka kwenye milango ya mito, na chumvi hutoweka.

Laiti yangekuwa maji safi! Kaskazini mwa ziwa, mto Kissimmee, uliokuwa ukijipinda kama nyoka kwa kilomita 166, ulinyooshwa kati ya mwaka 1962 na 1971 ukawa mfereji wa kilomita 90. Mavi ya ng'ombe na mbolea za mashambani zikapata njia ya mkato. Fosforasi ikalundikana ziwani. Mwaka 2001 jimbo liliweka kikomo cha tani 140 za fosforasi kwa mwaka, kitu cha kufikiwa ifikapo mwaka 2015. Mwaka ukafika, ukapita, kikomo hakikufikiwa. Fosforasi hiyo hulisha vijidudu vya rangi ya kijani na buluu, ambavyo jua likiwaka huzaana na kutanda juu ya maji kama uji mzito. Baadhi hutoa sumu inayoshambulia ini.

Nani alipiga kelele? Katika mji mdogo wa Stuart, ulio kwenye mlango wa St. Lucie, alikuwapo mhariri wa gazeti la mji, Ernest Lyons. Tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1970 aliandika juu ya mto ule: samaki wake, uzuri wake, na maji machafu ya ziwa. Huko Miami, Marjory Stoneman Douglas alitoa kitabu chake juu ya Everglades mwaka 1947, akawaonyesha Wamarekani kwamba kile walichokiita kinamasi ni mto unaotembea. Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 79, bibi huyu alianzisha chama cha kuitetea nyika hiyo. Alifariki mwaka 1998, umri miaka 108. Wewe unayekata tamaa hadithi yako ikirudishwa na mhariri mara mbili, hebu mfikirie bibi huyu!

Mwaka huohuo wa 1998 samaki wenye vidonda walionekana katika St. Lucie baada ya malango kufunguliwa sana. Watu wa Stuart na jirani zao, wavuvi, wenye maduka, wenye nyumba, wakaungana. Mwaka 2000 bunge la Marekani likapitisha mpango wa miaka zaidi ya 30, wa dola bilioni 7.8, wa kurudisha mtiririko wa zamani. Vigelegele vikapigwa, kisha kazi ikajikokota. Mwaka 2013 mvua zikawa kubwa, malango yakafunguliwa, na maelfu ya watu wakakusanyika kwenye lango la St. Lucie na mabango mkononi. Mwaka 2016 utando wa kijani ukafika hadi pwani, gavana akatangaza hali ya hatari, na upande wa magharibi waongoza wavuvi, jamaa ambao kazi yao ni kuwapeleka wageni kuvua, wakaunda chama chao.

Hapa ndipo ninapotaka usimame nami. Kwa miaka mingi kilio kilikuwa kimoja: msitumwagie sisi! Kilio cha haki, lakini kina shimo. Maji yasipokuja kwako yaende wapi? Kwa jirani wa magharibi? Yabaki ziwani mpaka majani ya ziwa yaoze na tuta litishie kupasuka juu ya watu wa Belle Glade, wengi wao weusi na maskini, wajukuu wa vibarua wale wale? Wenye mamlaka walilijua shimo hilo na walilitumia. Nguvu ilipatikana pale kilio kilipogeuka kuwa dai: yapelekeni kusini, yakisafishwa njiani, yafuate mkondo wake wa kale. Sasa mashariki na magharibi wakaweza kusimama upande mmoja.

Hata dai hilo lilimgusa mtu. Watu wa miji ya miwa waliogopa kwamba ardhi ikichukuliwa kuwa bwawa, ajira itakwenda nayo. Nao walifunga safari hadi makao makuu ya jimbo, wakasema. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2017 iliruhusu bwawa kubwa kusini mwa ziwa, lakini ikakataza kuwanyang'anya wakulima ardhi kwa nguvu. Bwawa likawa na eneo dogo kuliko lile lililotakiwa mwanzo. Ndiyo siasa. Ujenzi wa bwawa lenyewe ulianza mwaka 2023.

Ushindi? Kidogo kidogo. Mwaka 2018 utando ulirudi, na pwani ya magharibi ikafunikwa pia na mwani mwekundu wa baharini, samaki wakafa kwa marundo. Mwaka 2021 kazi ya kuurudishia mto Kissimmee sehemu ya mapindo yake ilikamilika. Agosti 2024 ulipitishwa mpango mpya wa kuendesha ziwa, unaopunguza maji ya kwenda St. Lucie na kuipa Caloosahatchee maji ya kiasi wakati wa kiangazi, maana nayo chumvi huizidi. Malango hayakufungwa daima. Ziwa likijaa kupita kiasi hufunguliwa tena, na fosforasi bado imo.

Kijana mwenzangu, sikukuletea kisa hiki ili tuwahurumie Wamarekani. Lyons hakuliona hata bwawa moja likijengwa. Alichoacha ni kumbukumbu, kwa hiyo waliokuja baada yake hawakuweza kuambiwa kwamba mto ulikuwa hivyo tangu zamani. Kazi hiyo tunaiweza. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba yenu unamwaga wapi? Ufuate siku moja kwa miguu mpaka mwisho wake. Uliza nani aliuchimba, mwaka gani, na nani anayekaa huko chini. Kisha rudi nyumbani, uandike.