Dawa ya Minyoo ya Watongwe

Minyoo ya tumbo ni adui wa kale katika nchi yetu ya ziwa, na dawa zake nazo ni za kale. Watongwe, ambao asili yao ni milima ya Mahale kusini ya Kigoma, wana mti mchungu mno waitao mjonso. Warundi huuita umubirizi. Majani yake hulowekwa katika maji baridi, mgonjwa akanywa, kwa homa, kwa kuhara na kwa minyoo.

Mwezi wa Novemba 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe na mtumishi wa hifadhi ya wanyama, alikuwa mwituni Mahale pamoja na Michael Huffman, mtaalamu aliyetoka Chuo Kikuu cha Kyoto. Wakaona sokwe jike, jina lake Chausiku, mgonjwa, amelegea. Akauendea mjonso, akavunja tawi changa, akatupa majani na gome, akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake. Kesho yake alikuwa mzima. Mgeni hakuujua mti ule. Mohamedi ndiye aliyemwambia kuwa ni dawa kali ya watu wake. Mwaka 1989 wakaandika habari hiyo wote wawili, na jina la Mtongwe likachapwa kando ya jina la mtaalamu. Naona ni haki, wala haikutendeka mara nyingi.

Baadaye kilipimwa kinyesi cha sokwe mwingine aliyetafuna mjonso: katika saa 20 hesabu ya mayai ya minyoo ilishuka kutoka 130 hadi 15. Tena ikaonekana kuwa majani na gome vina sumu nyingi kuliko moyo wa tawi. (Basi asiyejua kipimo asijaribu.)

Lakini kwa Mohamedi si ajabu mnyama kumfundisha mtu. Babu yake, mganga Kalunde, alifuga mtoto wa nungunungu aliyefiwa na mama. Mnyama huyo akaugua, akaharisha damu, akafukua na kula mizizi ya mulengelele, mmea ambao watu waliuogopa kwa sumu yake, akapona. Siku hizo wanakijiji nao walikuwa wakiugua ugonjwa kama huo. Mzee akawaonyesha nungunungu wake, wasisadiki. Ndipo akaila yeye kwanza dawa ile, kidogo kidogo, huku wakimtazama. Walipoona hafi, wakaipokea, na wengi wakapona.