Injini ya dizeli kwenye Land Rover kuukuu: Yajue haya kabla ya kushusha ya petroli

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika jijini Arusha katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya magari hayo pekee. Ilikuwa ni ishara kwamba gari hilo, ambalo kwa miongo mingi lilibeba madaktari, mapadri, mabwana shamba na abiria wa vijijini, bado lina wapenzi wengi nchini.

Hata hivyo, mapenzi hayo yana gharama. Mwenye Land Rover ya zamani inayotumia petroli hufika siku moja akakabiliwa na swali gumu: injini iliyochoka ifanyiwe matengenezo makubwa, au ishushwe na mahali pake iwekwe injini ya dizeli iliyotumika?

Si wachache waliochagua njia ya pili. Ukifungua boneti ya Land Rover kuukuu, si ajabu kukuta injini ya Toyota, Nissan au Isuzu. Gari ni la Mwingereza, moyo ni wa Mjapani.

Kazi hiyo inawezekana na hufanyika katika gereji za kawaida. Lakini kinachoamua kama gari litakuwa salama si injini peke yake, bali ni vile vilivyoizunguka: klachi, rejeta, breki, difu na, hatimaye, kadi ya gari. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo mmiliki anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Gari lilikotoka

Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi, Aprili 30, 1948. Ilifuatiwa na toleo la Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Kati ya hizo, inayofahamika sana ni ile ndefu, yaani 109, jina linalotokana na inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nyingi zilifungwa injini ya petroli ya silinda nne yenye ukubwa wa cc 2,286 na nguvu za farasi 70 hivi. Ya dizeli, ya ukubwa huohuo, ilitoa nguvu za farasi 62 tu. Ndiyo maana 109 iliyojaa mzigo hupanda mlima kama Kitonga kwa unyenyekevu mkubwa.

Dizeli ina nini?

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda kati ya mara 19 na 23 katika injini za zamani, ikapata joto kali, na dizeli inaponyunyiziwa hapo huwaka yenyewe. Mgandamizo huo mkubwa huifanya injini itumie mafuta kidogo zaidi na ivute kwa nguvu ikiwa katika mzunguko wa chini.

Mfano mzuri ni injini ya 200Tdi, ambayo kampuni ya Land Rover yenyewe iliitoa mwaka 1989 katika Discovery. Ina cc 2,495 na nguvu za farasi 111. Uwezo wake wa kuzungusha mtaimbo ni newton-mita 265, wakati ile ya petroli ya Series hutoa takriban 160.

Faida nyingine ni wepesi wa matengenezo. Pampu za dizeli za zamani hufanya kazi bila kompyuta, hivyo injini huhitaji waya chache tu. Injini ya Td5, iliyoanza kutumika mwaka 1998, inategemea kompyuta yake, na kuihamisha ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Injini zinazotumika

Kwa upande wa Toyota, zinazofahamika ni 3B ya silinda nne na cc 3,432, 2H ya silinda sita na cc 3,980, pamoja na 1HZ ya silinda sita na cc 4,164. Nissan wana TD42, nayo ya silinda sita, yenye cc 4,169. Isuzu 4BD1 ya cc 3,856 ni injini ya lori, yenye silinda nne.

Injini ya silinda sita ni ndefu na nzito. Inapoingizwa ndani ya Land Rover ya Series, mara nyingi rejeta hulazimika kusogezwa mbele na springi za mbele kuimarishwa. Zaidi ya hayo, 3B, 2H na TD42 huendesha kemshafti kwa gia, wakati 1HZ na 200Tdi hutumia mkanda. Mkanda huo ukikatika safarini, vali zinaweza kugongana na pistoni. Anayenunua injini ya mkanda bila kujua historia yake aununue mpya na kuufunga kabla injini haijaingia ndani ya gari.

Kabla ya kulipa, omba injini iwashwe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ni dalili ya oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaweza kumaanisha maji yanaingia ndani ya silinda au nozeli zimechoka. Moshi mweusi mzito ni mafuta mengi kuliko hewa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi za pistoni zimekwisha.

Kuunganisha

Injini na giaboksi za makampuni tofauti hazina matundu ya bolti yanayolingana. Hivyo huhitajika adapta, yaani bamba nene la chuma linalokaa kati ya vitu hivyo viwili, likiwa limekerezwa kwa vipimo. Shafti ya giaboksi isipokaa katikati kabisa ya mtaimbo wa injini, hata kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, beringi na klachi vitaliwa haraka. Kazi hii apewe fundi mwenye mashine ya kukereza, si mwenye grainda na jicho zuri tu.

Hapo ndipo 200Tdi hupata sifa yake. Kwa kuwa imetokana na ukoo wa injini za zamani za Land Rover, hushikana na giaboksi ya Series kwa marekebisho machache. Kasoro ni kwamba ile iliyotoka kwenye Discovery ina tabochaja iliyokaa chini, ambayo husumbua karibu na chesisi.

Tangi la petroli lisafishwe, liongezewe bomba la kurudishia dizeli na kuwekewa chujio la kutenganisha maji. Baadhi ya Land Cruiser za zamani zilitumia umeme wa volti 24. Stata ya injini kama hiyo haitafanya kazi vizuri kwa betri moja ya volti 12, hivyo ulizia jambo hilo mapema.

Breki: Kosa linaloweza kuua

Land Rover nyingi za 109 zina kisaidizi cha breki ambacho mafundi hukiita sevo. Kifaa hicho hufanya kazi kwa ombwe, na katika injini ya petroli ombwe hilo hupatikana bure, kwa kuwa injini hufyonza hewa kupitia kabureta iliyobanwa.

Injini ya dizeli kwa kawaida haibanwi hewa, hivyo haina ombwe la kutoa. Ndiyo sababu viwanda huifunga pampu maalumu ya kufyonza hewa. Katika injini nyingi za Toyota na Nissan pampu hiyo ipo nyuma ya altaneta, na katika 200Tdi ipo ubavuni mwa injini.

Tatizo hutokea pale injini inapouzwa bila altaneta yake, au fundi anapofunga altaneta ya gari jingine kwa kuwa inachaji vizuri. Gari huwaka na kutembea. Dereva hugundua kasoro akiwa mteremkoni, pale pedali inapokuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara mbili au tatu.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji chombo. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, sevo inapata ombwe. Isiposhuka, gari lisitoke gereji.

Ikumbukwe pia kwamba magurudumu yote ya Series III yana breki za ngoma. Injini yenye nguvu zaidi haiziongezei uwezo breki hizo hata kidogo.

Spidi na difu

Difu ya Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1. Kwa tairi za 7.50-16, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya nne, gari huenda karibu kilomita 80 kwa saa. Kwa dizeli ambayo mwisho wake ni mizunguko 4,000 hivi, safari ndefu huwa ya kelele.

Wengi hufunga difu za 3.54 kutoka Range Rover, Discovery au Land Rover za baadaye. Kwa mzunguko uleule, gari huvuka kilomita 100. Lakini difu zibadilishwe zote mbili, ya mbele na ya nyuma, la sivyo gari litajibana na kuvunja vyuma pindi dereva atakapoweka magurudumu manne.

Jambo la pili husahaulika. Kipima mwendo cha Series huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, kabla ya difu. Baada ya mabadiliko hayo, kikionesha 80 gari linakimbia zaidi ya 105. Dereva asiyejua hilo anahatarisha maisha yake na ya wengine.

Kadi ya gari

Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hubeba, pamoja na mambo mengine, namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Injini ikibadilishwa, yote matatu huweza kuwa si kweli tena. Mmiliki anapaswa kulipeleka gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani, kisha kuomba taarifa za kadi zirekebishwe.

Kwa sababu hiyo, usinunue injini isiyo na risiti wala ile ambayo namba yake imekwanguliwa, hata kama bei inavutia. Injini ya wizi humgeuza mnunuzi kuwa mtuhumiwa. Aidha, kampuni ya bima ijulishwe, kwani ajali inapotokea na gari halifanani na karatasi zake, madai huingia mashakani.

Hesabu ya mwisho

Mwenye gari aorodheshe gharama zote kabla ya kuanza: injini, adapta, klachi, rejeta, bomba la moshi, difu, ukaguzi na kadi. Jumla hiyo ailinganishe na gharama ya kuifanyia matengenezo makubwa injini ya petroli iliyopo. Kwa gari linalotembea mjini kilomita chache kwa wiki, petroli iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa nafuu. Kwa linalobeba mizigo kila siku katika barabara za milimani, dizeli italipa.

Vyovyote atakavyoamua, fedha zikipungua, apunguze kwenye rangi na viti. Pampu ya ombwe isiguswe.