Muyaka, Liyongo na padi ya Mjambere

Chumba cha gemu ninachokijua Mjambere, Kisauni, kina mabenchi mawili, televisheni tatu na pazia badala ya mlango. Watoto hulipa kwa mechi. Mechi ikiisha, aliyefungwa huinuka, wa zamu huketi, na walio nyuma huendelea kubishana juu ya pasi iliyopotea, vile vile wazee wanavyobishana juu ya kete ya bao iliyochezwa vibaya. Walioshika padi ni wawili, wanaocheza ni kumi na wawili. Waliounda konsoli waliiundia sebule: mtoto, kochi, televisheni ya nyumbani. Ilipovuka daraja la Nyali ikaingia Kisauni, ikawa kitu cha barazani.

Siku moja nilimwuliza kijana anayekiendesha chumba hicho kwa nini hana zile gemu za safari, ambazo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, akaongea na watu wa vijiji, nguvu zake zikakua kidogo kidogo, na hadithi ikamalizika baada ya saa thelathini. Alinijibu bila kuondoa macho kwenye televisheni: "Ami, hiyo haina mechi. Nitamtoza wapi?"

Nimelichukulia jibu hilo kuwa ni uhakiki, tena mkali. Yako mengi yaliyoandikwa juu ya gemu za aina hii zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili, kwa mapenzi, usiku baada ya kazi, kisha zikahamishwa kutoka kompyuta hadi konsoli. Husifiwa ustahimilivu wa mtengenezaji. Kijana wa Mjambere aliuliza jambo jingine: kazi hiyo ikifika, itaketi wapi, na nani ataketi nayo?

Sisi watu wa Mvita tuna uzoefu wa zamani wa kazi iliyohamishwa chombo. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu 1840, aliyatunga mashairi yake kwa ajili ya mji: ya kujibizana, ya mapenzi, ya vita vya Mombasa na maadui zake. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka vifuani mwa watu, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kumpa W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa. Kutoka kwenye karatasi hizo William Hichens alitoa diwani kwa herufi za Kirumi, ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Shairi lilipita vyombo vitatu na mikono mitatu. Na kila mkono uliacha alama. Herufi za Kiarabu hazikuwa na nafasi ya sauti zetu zote, ikabidi Sikujua aziongezee alama. Herufi za Kirumi za Kiswahili sanifu nazo zaandika paa la nyumba na paa wa mwituni sawasawa, hali mtu wa Mvita hutia pumzi kwenye yule wa mwituni. Mnakili mzuri ni yule anayejua chombo kipya kitaimeza sauti gani, akatafuta namna ya kuirudisha.

Kwa jicho hilo nawatazama Wajapani. Kule utamaduni wa wapenzi kutengeneza na kuuziana kazi zao ana kwa ana una soko lake kubwa, Comiket, lililoanza Tokyo mwaka 1975. Mwaka 1992 kampuni ya ASCII ilitoa RPG Tsukuru Dante 98, programu iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kujenga gemu ya safari kwenye kompyuta ya PC-98. Kwa programu hiyo Makoto Kedouin na wenzake walitengeneza Corpse Party mwaka 1996, hadithi ya kutisha ya wanafunzi walionaswa ndani ya shule iliyolaaniwa. Ilingoja hadi 2010 kufika kwenye konsoli ya PSP, ikiwa imejengwa upya, na sura zilizochorwa na sauti za waigizaji. Ni unakili mkubwa, na umekubalika. Hata hivyo, sanamu ndogo isiyo na uso humlazimisha mchezaji aujaze uso huo mwenyewe kwa hofu yake, na ukimchorea uso umemsaidia mahali ambapo hakuomba msaada.

Marekani mlango ulikuwa tofauti. Mwaka 2008 Microsoft ilifungua sehemu ya duka la Xbox 360 kwa watengenezaji wadogo: ulilipa dola 99 kwa mwaka, na gemu yako ilikaguliwa na watengenezaji wenzako kabla ya kuuzwa. Hapo ndipo watu wawili wa Zeboyd Games walipotoa Breath of Death VII mwaka 2010, kwa bei ya dola moja, na mwisho wa mwaka huo huo Cthulhu Saves the World. Nazipenda gemu hizo kwa sababu zimetengenezwa na watu waliozijua gemu kongwe za Kijapani kama mtoto wa chuoni anavyoijua juzuu yake. Lakini mwenye mlango ndiye mwenye ufunguo. Mwaka 2017 sehemu hiyo ilifungwa, na gemu ambazo hazikuwa zimehamia kwingine hazikununulika tena. Zeboyd walikuwa wamekwisha kuzihamishia zao kwenye kompyuta tangu 2011. Mswada wa Sikujua haukuwa na mwenye duka wa kuufunga.

Mnakili ninayemstahi zaidi katika habari hii ni Toby Fox. Gemu yake, Undertale, ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, ikafika PlayStation 4 mwaka 2017. Sony huitaka kila gemu itoe vikombe vya ushindi. Undertale ni gemu inayomwuliza mchezaji kwa nini anaua ili apate alama. Kuitundikia vikombe kungeivunja. Fox akaweka ndani ya gemu yenyewe mahali pa ibada ya mbwa, ambapo mchezaji hutoa sadaka ya sarafu za gemu na kupata vikombe kwa sadaka hizo. Sharti limetimizwa, maana haikuguswa. Wanakili wa Lamu na Pate walikuwa na desturi ya kuacha neno lao mwishoni mwa mswada, na mimi naliona hekalu la yule mbwa kuwa neno la namna hiyo.

Afrika tumefika nusu ya njia. Aurion: Legacy of the Kori-Odan ilianza kama jaribio la kijana wa Kameruni, Olivier Madiba, kwa programu ya RPG Maker mwaka 2003. Baada ya miaka kumi akaunda kampuni ya Kiro'o Games mjini Yaoundé, na gemu ikatoka Aprili 2016, kwenye kompyuta. Iliyoketi kwenye konsoli ikiwa na Kiswahili ni Tales of Kenzera: Zau ya Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, iliyochapishwa na EA. Mganga kijana anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishie babake. Salim aliitunga kutokana na msiba wa babake mwenyewe, na mchezaji aweza kuchagua kuisikia yote kwa Kiswahili. Si kazi ya mpenzi asiye na kampuni, wala si gemu ya safari hasa, ila ni ya kuruka na kupigana. Hata hivyo siku ya kwanza nilipomsikia mhusika wa PlayStation akizungumza lugha yangu, nilishusha padi nikasikiliza tu.

Mlango nao kwetu haujafunguliwa sawasawa. Mei 2024 Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya huduma ya PlayStation, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, Kenya ikiwamo, kwa kuwa huduma hiyo haikuzitambua. Mtoto wa Mjambere akitaka akaunti hana budi kusema anaishi kwingine. Wanangu hawa wanalazimishwa kuikana Kisauni ili wacheze wakiwa Kisauni, na hilo laniuma.

Nilirudi kwa yule kijana na jibu la swali lake. Utenzi nao ni mrefu, na zamani haukusomwa na mtu peke yake chumbani. Mmoja aliuimba, chumba kizima kikasikiliza, na kisa kikagawanywa kwa usiku. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alipoandika utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, visa vilikuwa vimekwisha kukatwa vipande na midomo ya watu: kuangua makoma kwa mishale, gereza, sindano ya shaba, kisima. Kila kimoja ni urefu wa mechi mbili au tatu, na penye kukatika pana mahali pa kutoza.

Nikamsimulia gereza. Liyongo amefungwa pingu, anamtumia mamake ujumbe kwa wimbo kupitia kijakazi Saada, naye mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Kisha panachezwa gungu nje, kwa ngoma, pembe na matari, na chini ya kelele hiyo Liyongo anazikata pingu. Nikamwambia: mwenye padi ndiye anayeshika tupa. Walio kwenye benchi ndio gungu. Konsoli hupokea maikrofoni. Wakiimba, tupa inakata.

Aliuondoa uso wake kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. "Na wakinyamaza, ami?"

"Askari atasikia."

Alilitazama benchi la nyuma, wale kumi wanaongoja zamu, akapunguza sauti ya televisheni.