Historia fupi ya "kwangu inafanya kazi"

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuongee historia.

Wengi wenu mmewahi kumsikia mwandishi wa programu akijitetea hivi: "Lakini kwangu inafanya kazi!" Programu imekwama kwenye kompyuta ya mwenzake, yeye anaapa kwamba kwake iko sawa. Na mara nyingi hasemi uongo. Yeye ana toleo moja la PHP, mwenzake ana lingine. Kwake kuna maktaba aliyoisakinisha zamani akaisahau kabisa. Watu wametumia miaka mingi kutafuta dawa ya sentensi hiyo, na sisi Wakenya tumo ndani ya hadithi.

Tuanze mbali. Mwaka 1964, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, Robert Creasy, Les Comeau na wenzao walianza kazi iliyoitwa CP-40. Kompyuta wakati huo ilijaza chumba kizima, na ilibidi watu wengi waitumie pamoja. Wao wakaifanya mashine moja ijifanye kuwa nyingi. Kila mtumiaji aliona kana kwamba ana kompyuta yake nzima, na akiivuruga, amevuruga ya kwake tu. Hiyo ndiyo mashine pepe. CP-40 ilianza kutumika mwaka 1967, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake.

Sisi wa kompyuta ndogo tulisubiri sana, maana chipu za Intel hazikuundwa kwa mchezo huo. VMware ndiyo iliyoonyesha mwaka 1999 kwamba inawezekana, lakini kwa pesa. Kisha Januari 2007 kampuni ya Kijerumani, Innotek, ikatoa VirtualBox kama programu huria. Sun wakainunua Innotek mwaka 2008, na Oracle wakaichukua Sun mwaka 2010. Mtu wa kawaida sasa angeweza kuwa na Linux ndani ya Windows yake bila kulipa shilingi.

Shida ni kwamba mashine pepe ikiwa mpya ni kama nyumba tupu. Lazima uingize mfumo endeshi, halafu seva ya tovuti, hifadhidata, lugha, maktaba, ruhusa za folda. Saa tatu zimekwisha hujaandika hata mstari mmoja. Na ukimaliza, yale uliyoyafanya yamebaki kichwani mwako. Mwenzako naye aanze upya, kwa kukuuliza.

Hapo ndipo uzi wa pili unapoingia, na binafsi naona ndio wa maana zaidi kuliko mashine yenyewe. Mwaka 1993 Mark Burgess, katika Chuo Kikuu cha Oslo, alitoa CFEngine. Badala ya kuiambia kompyuta hatua za kufuata, unaieleza hali unayotaka: faili hii iwepo, huduma hii iwe inaendesha. Programu inaangalia kilichopo na kurekebisha kinachopungua tu. Ukiiendesha mara kumi haiharibu kitu, kwa sababu ikikuta kila kitu kiko sawa inanyamaza. Puppet ya mwaka 2005 na Chef ya mwaka 2009 zilifuata njia hiyo, kila moja kwa mtindo wake. Lakini zilikuwa zana za wasimamizi wa seva. Sisi waandishi wa programu tuliendelea kuulizana.

Sasa twende Nairobi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipowaka, Ory Okolloh alitoa wazo kwenye blogu yake la kuweka visa vya vurugu kwenye ramani. Kina David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakajitokeza, na ndani ya siku chache za Januari 2008 Ushahidi ilikuwa hewani. Ilijengwa kwa haraka ya dharura. Baadaye iliandikwa upya kwa PHP ili wengine nao waitumie, na matoleo yake yakapewa majina ya miji ya Afrika: Mogadishu, Luanda, Juba. Mwishoni mwa 2008 ilitumika mashariki mwa Kongo, na Januari 2010 Haiti baada ya tetemeko.

Fikiria maana yake kiufundi. Programu inayotakiwa wakati wa janga, ikiwekwa na watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali, kila mmoja na kompyuta yake. Hapo "kwangu inafanya kazi" si mzaha tena, ni saa zinazopotea wakati watu wanasubiri msaada. Kwa watumiaji, Ushahidi walijibu mwaka 2010 kwa Crowdmap: unafungua akaunti, ramani unayo, husakinishi chochote. Lakini mtu aliyetaka kuurekebisha msimbo wenyewe bado alihitaji kuijenga seva nzima kwake.

Mwaka huo huo wa 2010 Mitchell Hashimoto, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alitoa Vagrant. Kilichokuwa kipya ni kuziunganisha nyuzi mbili nilizozitaja. Unaandika faili moja fupi, Vagrantfile, kuhusu mfumo wa kuanzia, kumbukumbu kiasi gani, folda ipi ishirikiwe, na skripti ipi iendeshwe mwishoni. Unaandika `vagrant up`, VirtualBox inaamka na kila kitu kinajipanga. Ukiharibu, unafuta na kuanza tena. Faili inakaa pamoja na msimbo, kwa hiyo anayepata msimbo amepata na mazingira yake.

Ushahidi wenyewe waliishia hapo. Katika toleo la 3, maelezo yao kwa waandishi wa programu yaliwaelekeza kwenye Vagrant na VirtualBox, kupitia Homestead ya watu wa Laravel. Baadaye konteina za Docker, zilizotangazwa Machi 2013, ziliwavuta wengi kwa sababu ni nyepesi. Sibishani nazo, nazitumia. Wazo ni lile lile: andika, usikariri.

Kuna kichekesho pia. Agosti 2023 HashiCorp, kampuni ya Hashimoto, iliiondoa Vagrant kwenye leseni huria kwa matoleo yaliyofuata. Februari 2025 IBM ikakamilisha kuinunua HashiCorp kwa dola bilioni 6.4. Wale wale wa CP-40!

Wafugaji wenzetu wa kaskazini, Wagabra na Warendille, wakihama huvunja nyumba na kupakia miti na mikeka juu ya ngamia. Vagrant inadai kwamba huna haja ya ngamia, unabeba maelezo ya ujenzi tu, miti utaikuta huko uendako. Lakini hiyo "miti" iko kwenye seva za ng'ambo. Vagrantfile yangu ni kilobaiti chache. Kisanduku cha Ubuntu inachokiita ni mamia ya megabaiti, na vifurushi vya skripti vinaongeza mamia mengine. Aliyeandika `vagrant up` alidhani kila mtu ana laini isiyokatika. Hapa Kinna mimi natumia bando la simu, na amri hiyo moja inaweza kulimeza lote kisha ikakatikia asilimia tisini.

Kwa hiyo huku tunabeba na miti. Nikiwa Isiolo mjini kwenye mtandao mzuri najenga mashine kamili, naifunga kwa `vagrant package`, na faili inayotoka naiweka kwenye flashi. Kijana wa hapa anaisajili kwa `vagrant box add` akionyesha faili badala ya anwani ya mtandao, basi. Wenzangu wa Maua hunitumia zao kwa gari la miraa, na mpaka sasa sijaona kifurushi kilichopotea njiani. Skripti ndogo za mabadiliko tunatumiana kwa barua pepe, na kisanduku kipya nakitengeneza kila baada ya miezi mitatu hivi, Ubuntu wanapokuwa wamerundika masasisho kiasi kwamba bando halitoshi tena.