Job ya Kompyuta Kisii na Nyamira: Vile Utachunga Macho, Mgongo na Mikono

Kama unachapa job kwenye ofisi za kaunti Nyamira ama umeshikilia cyber Kisii Town, ikifika jioni macho yanawasha na shingo imekaza. Ukikodolea skrini hupepesi macho vya kutosha, ndio maana yanakauka.

Kila dakika 20, angalia kitu kiko mita 6 ama zaidi, kwa sekunde 20. Dirisha ikitazama vilima vya Manga, uko set.

Skrini iwe mbali kama urefu wa mkono, juu yake ilingane na macho. Laptop iinue na rimu za karatasi, uchomeke kibodi ya kando. Mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage chini, na kila nusu saa simama, hata kama ni kuendea chai.

Vidole vikifa ganzi usiku, usikae nayo. Neva ya kifundo cha mkono inaweza kuwa imebanwa, so ona daktari mapema.

Kiti ni mbovu? Ambia bosi, tena kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 76, inataka mwajiri ahakikishe sehemu ya kazi na vifaa vinakufaa. Hapo hauombi msaada.